Nywele fupi: Jinsi ya kuzikausha na kuzitengeneza nyumbani bila kuziunguza

JUA la Nyamira ni la asubuhi. Kuanzia Kebirigo hadi Ikonge, na kutoka Keroka hadi Nyansiongo, siku nyingi za mwaka huanza kwa anga safi na kuishia kwa mawingu mazito, na ifikapo saa tisa au saa kumi alasiri mvua huwa tayari imeanza kunyesha. Mama anayeosha nywele za bintiye saa nane mchana, akitumaini kwamba zitakauka kabla ya jioni, mara nyingi hulazimika kumlaza mtoto kichwa kikiwa kingali kibichi.

Jambo hilo laweza kuonekana dogo, lakini halipuuzwi Jumapili ya mwisho kabla ya shule kufunguliwa. Shule nyingi nchini Kenya huwataka wasichana wawe na nywele fupi na nadhifu, na jioni hiyo ndipo taulo, chanuo, mashine ya kukausha nywele na hata jiko la makaa hutolewa kwa haraka. Ndipo pia makosa hufanyika: sikio huchomwa, nywele hukatika kwenye kisogo, na ngozi ya kichwa huanza kuwasha katikati ya muhula bila mtu kukumbuka chanzo chake.

Sehemu kubwa ya Kaunti ya Nyamira ni nyanda za juu zilizo kati ya mita 1,500 na 2,100 juu ya usawa wa bahari. Mvua ya mwaka huwa kati ya milimita 1,200 na 2,100, na usiku baridi huweza kushuka hadi karibu nyuzi 10. Hali hiyo ndiyo inayostawisha majani chai yanayopelekwa katika viwanda vya Kebirigo, Nyansiongo, Sanganyi na Tombe. Kwa mwenye nywele zilizooshwa, hata hivyo, maana yake ni moja tu: maji hukawia kutoka.

Wengi hudhani kwamba nywele fupi hazina kazi. Ni kweli kwamba hukauka upesi kuliko ndefu, lakini ufupi huo wenyewe una hatari yake. Chombo chochote cha moto kinachoelekezwa kwenye nywele zenye urefu wa kidole huwa karibu mno na ngozi ya kichwa, masikio na shingo. Aidha, mwenye nywele ndefu akiziunguza ncha anaweza kuzipunguza kidogo na asionekane. Mwenye nywele fupi hana ncha za kupoteza.

Ili kuelewa kwa nini mbinu fulani hufaulu na nyingine hushindwa, yafaa kwanza kujua kinachotendeka nywele zinapolowa. Unywele umejengwa kwa protini iitwayo keratini, ambayo ndiyo hujenga kucha pia. Ndani ya keratini mna vifungo vya aina mbalimbali. Baadhi ni imara, navyo havifunguki ila kwa dawa kali kama zile zinazotumiwa saluni kulainisha nywele. Vingine, viitwavyo vifungo vya haidrojeni, ni dhaifu: maji yakiingia hufunguka, na maji yakitoka hujifunga upya.

Kwa sababu hiyo, unywele hushika umbo uliokuwa nalo wakati maji yalipokuwa yakitoka. Ukikauka ukiwa umejikunja hubaki umejikunja, na ukikauka ukiwa umevutwa hubaki umenyooka, mpaka utakapolowa tena. Kazi kubwa ya kunyoosha basi hufanywa na mkono unaovuta nywele zinapokauka. Moto wa mashine huharakisha tu kazi hiyo. Hapo ndipo pia ilipo sababu ya nywele zilizonyooshwa kwa saa nzima kurudi kujikunja mara tu mwenyewe anaponyeshewa akitoka sokoni. Hata ukungu wa asubuhi watosha kuzirudisha.

Unywele uliolowa kabisa huweza kubeba maji yanayokaribia theluthi moja ya uzito wake. Huvimba, huvutika kwa urahisi na kukatika upesi kuliko ukiwa mkavu. Nywele za Kiafrika zilizojikunja sana zina udhaifu wa ziada, kwani kila kona ya unywele ni mahali ambapo waweza kukatikia. Ndiyo maana kusugua kichwa kwa taulo kwa nguvu, kama mtu anayepangusa sakafu, ni kosa la kwanza na huenda ndilo linalotendwa zaidi.

Kinachofaa ni kukandamiza. Fulana kuukuu ya pamba au leso iliyopoteza ugumu wake hufanya kazi hii vizuri kuliko taulo lenye manyoya marefu, kwa sababu haishiki nywele na kuzing'oa. Kichwa hufunikwa, kisha hubanwa kwa viganja sehemu baada ya sehemu, na kitambaa kikilowa hugeuzwa upande mkavu. Dakika 5 za kazi hii hupunguza maji mengi ambayo vinginevyo yangelazimika kuondolewa kwa umeme au kwa saa kadhaa za kungoja. Katika nyumba nyingi hatua hii hurukwa, na hasara yake hulipwa baadaye kwa moto mwingi.

Baada ya hapo nywele hupakwa mafuta kidogo. Mafuta ya nazi yanafaa, kwani utafiti umeonyesha kwamba, tofauti na mafuta mengi mengine, huweza kupenya ndani ya unywele na kupunguza protini inayopotea wakati wa kuosha. Chanuo liwe la meno yaliyoachana, na kazi ianzie kwenye ncha kuelekea kwenye shina. Anayeanzia kwenye shina huvuta mafundo yote kuelekea nchani, na kilio cha mtoto ni ushahidi wa kutosha.

Kwa mkoa wenye mvua za alasiri, saa ya kuosha ni muhimu kama chombo chenyewe. Nywele zilizooshwa saa mbili au saa tatu asubuhi hupata jua na upepo kabla ya mawingu kukusanyika. Kwa familia zinazochuma majani chai asubuhi hilo si rahisi siku za kazi, na ndiyo maana Jumamosi au Jumapili asubuhi hubaki kuwa wakati wa pekee. Anayeosha jioni hana budi kuchagua mbinu inayokubali kukausha taratibu usiku kucha.

Mbinu hiyo ipo, nayo ni ya zamani. Ni uzi. Kibiringo cha uzi mweusi wa kusukia hupatikana karibu katika kila duka la vipodozi na katika masoko ya vijijini, na ni miongoni mwa vyombo vya bei nafuu kabisa vya kunyoosha nywele. Wanawake wa Afrika Mashariki na Afrika Magharibi wamekitumia kwa vizazi vingi, na ni ajabu kwamba leo kuna wanaokiona kuwa alama ya umaskini, ilhali kinafanya kazi ile ile inayofanywa na mashine, tena bila kuunguza.

Nywele zinapaswa kuwa na urefu wa sentimita 4 au 5 hivi, zitoshe kushikwa barabara kwa vidole. Ziwe na unyevu lakini zisiwe zinatiririka maji. Hugawanywa katika mafungu madogo, baina ya 12 na 20 kulingana na wingi wake. Uzi hushikwa kwenye shina la fungu, huzungushwa hapo mara tatu au nne ili ushike, kisha hupandishwa kwa mzunguko hadi nchani huku fungu likivutwa wima. Nchani uzi hufungwa fundo dogo. Mtoto atafanana na nungunungu kwa saa chache, jambo ambalo kitambaa cha pamba hulificha.

Nywele huachwa hivyo mpaka zikauke kabisa, na hapa subira inahitajika. Anayefungua uzi nywele zikiwa bado na unyevu kwenye shina ataziona zikijikunja tena mbele ya macho yake, kwa maana vile vifungo vya haidrojeni havijamaliza kujifunga. Kipimo ni kugusa fungu karibu na ngozi: likiwa baridi, bado lina maji.

Uzi ukikazwa kupita kiasi, hata hivyo, hugeuka kuwa adui. Madaktari wa ngozi, hasa nchini Afrika Kusini ambako jambo hili limechunguzwa miongoni mwa wasichana wa shule, wameonyesha uhusiano kati ya mitindo inayovuta nywele kwa nguvu na upotevu wa nywele kwenye mapaji na juu ya masikio. Ishara za kwanza ni maumivu, vipele vidogo kwenye mashina na ngozi ya paji inayoonekana kuvutwa. Katika hatua hiyo nywele huweza kuota tena iwapo mvuto utaondolewa. Ukiendelea kwa miaka, mashina hufa na pengo hubaki daima. Mtoto asiyeweza kulala kwa sababu ya uzi afunguliwe usiku huo huo.

Kwa nywele fupi zaidi, za sentimita 2 au 3, uzi hauna pa kushika. Hapo hutumika mabutu au misokoto ya nyuzi mbili, ambapo mafungu mawili madogo ya nywele huzungushwa moja juu ya jingine. Zikikauka na kufumuliwa, nywele huwa na mawimbi na hukaa zimeinuka vizuri pasipo kuchanwa tena.

Mashine ya kukausha nywele, au draya kama inavyoitwa saluni, imepata nafasi katika nyumba nyingi kadiri umeme ulivyosambaa vijijini. Wauzaji hupenda kuisifu kwa wingi wa wati zake, kana kwamba ni trekta. Kwa nywele fupi, mashine ya wati 1,000 au 1,200 yatosha. Yenye wati 2,000 hukausha upesi, lakini huhitaji mkono wenye uzoefu, kwani ngozi iko karibu.

Watafiti wa Korea Kusini walichapisha mwaka 2011, katika jarida la Annals of Dermatology, jaribio lililopima joto la hewa ya draya. Mashine ilipowekwa umbali wa sentimita 15, joto kwenye nywele lilikuwa nyuzi 47. Kwa sentimita 10 lilifika nyuzi 61, na kwa sentimita 5 lilipanda hadi nyuzi 95, ambazo zinakaribia joto la maji yanayochemka. Kadiri joto lilivyozidi ndivyo ngozi ya nje ya unywele ilivyoharibika.

Jaribio hilo lilikuwa na matokeo mengine ambayo wengi hawakuyatarajia. Nywele zilizoachwa zikauke zenyewe, ambazo zilikaa na maji kwa muda mrefu, zilipata madhara ya ndani ambayo zile zilizokaushwa kwa draya hazikuyapata. Watafiti walihitimisha kwamba kutumia draya kwa umbali wa sentimita 15, huku ikisogezwa bila kusimama, kuna madhara madogo kuliko kuacha nywele zikauke zenyewe. Jaribio lilifanywa kwa vishada vya nywele maabarani wala si vichwani mwa watu, hivyo halipaswi kuchukuliwa kama sheria. Lakini linaondoa dhana kwamba kila hewa ya moto ni sumu na kila ukavu wa asili ni salama.

Sentimita 15 ni takriban shubiri isiyonyooshwa sana. Kwa vitendo, kichwa hugawanywa mara nne, kila robo ikashughulikiwa peke yake huku nyingine zikiwa zimebanwa. Hewa huelekezwa kutoka kwenye shina kwenda nchani na kamwe isielekezwe kinyume, kwa sababu magamba ya unywele yamepangika kama vigae vya paa na hewa ya kinyume huyainua. Mkono mmoja huvuta nywele kwa vidole au kwa brashi, mwingine husogeza mashine. Kwa watu wengi joto la wastani hutosha. Nywele zikikaribia kukauka, kitufe cha hewa baridi hutumiwa kuzituliza katika umbo lake.

Kuna chanuo la plastiki linalochomekwa kwenye mdomo wa draya, nalo hupendwa saluni. Kwa nywele ndefu na nzito lina manufaa. Kwa nywele za sentimita 3 linaufuta kabisa ule umbali wa sentimita 15, kwani mdomo wa mashine huwa umegusa ngozi. Anayelitumia na ateremshe joto hadi kiwango cha chini.

Gharama yake si kubwa kama inavyohofiwa na wanunuzi wa tokeni. Mashine ya wati 1,200 ikitumiwa kwa dakika 10 hula sehemu ya tano ya uniti moja ya umeme. Ya wati 2,000 kwa dakika 15 hula nusu uniti. Wenye paneli ndogo za sola, ambazo hutoa wati chache za kuwashia taa na kuchaji simu, hawawezi kuiendesha.

Tatizo kubwa zaidi ni nyaya. Mashine ya wati 2,000 huvuta ampea zipatazo 8 katika umeme wa volti 240 unaotumika nchini. Soketi ya kawaida ya ampea 13 huimudu, lakini waya mwembamba wa ekstensheni ya bei rahisi hupata moto, na adapta inayochomekwa kwenye holda ya balbu haikuundwa kwa mzigo huo. Waya ukiwa na joto mkononi, kazi isimamishwe. Draya isitumiwe karibu na beseni, wala na mtu aliyesimama miguu mitupu kwenye sakafu yenye maji. Ikitumbukia majini huweza kuua hata ikiwa imezimwa kwa swichi yake, maadamu plagi ingali ukutani.

Isitoshe, nyanda za juu za Kisii na Nyamira ni miongoni mwa sehemu za Kenya zinazopigwa na radi mara kwa mara. Ngurumo zinapoanza, plagi ing'olewe na nywele zimaliziwe kwa leso na uzi.

Kwa nyumba zisizo na umeme, au umeme unapopotea, baadhi ya watu hurudia kitana cha moto kinachopashwa kwenye jiko la makaa. Chombo hiki cha chuma huzinyoosha nywele kweli, kwa kuwa joto lake hufungua vile vifungo dhaifu bila maji. Lakini hakina kipimo cha joto. Makaa yanaweza kukipandisha juu ya nyuzi 200, kiwango ambacho keratini yenyewe huanza kuharibika na harufu ya kuungua hujaa chumbani.

Wanaokitumia kwa uangalifu hukijaribu kwanza kwenye karatasi nyeupe ya shashi. Ikigeuka rangi ya kahawia, kitana hupozwa. Nywele lazima ziwe kavu kabisa. Zikiwa na unyevu, maji yaliyo ndani hugeuka mvuke ghafla na kuacha viputo ndani ya unywele, ambao baadaye hukatika hapo hapo. Sauti ya mchwiririko ambayo wengine huifurahia kama dalili ya kazi nzuri huweza kuwa sauti ya maji hayo yakichemka ndani ya unywele. Kwa nywele fupi, kitana hakifai kabisa kwenye kisogo na kando ya masikio, ambako hata mkono wa fundi hutetemeka.

Hatari iliyo kubwa kuliko zote haitokani na kitana. Jioni za baridi, jiko huingizwa ndani na milango kufungwa, na familia nzima huketi ikiota moto huku nywele za watoto zikikauka. Makaa yanayowaka hutoa gesi ya kaboni monoksidi, isiyo na rangi wala harufu, ambayo huchukua nafasi ya oksijeni katika damu. Kuumwa na kichwa, kizunguzungu na usingizi mzito ni dalili zake, na aliyelala huenda asiamke. Jiko la kukausha nywele, kama lile la kupashia kitana, mahali pake ni nje au barazani penye hewa.

Wazee wengi huamini kwamba mtoto akilala na nywele zilizolowa atapata mafua. Mafua huletwa na virusi, wala si maji ya kichwani. Hata hivyo, mtoto mchanga hupoteza joto jingi kupitia kichwani, na katika usiku wa nyuzi 10 si busara kumlaza akiwa na kichwa kibichi.

Mapunye nayo yana njia yake. Ugonjwa huu wa fangasi, unaowapata hasa watoto, huenea kwa kutumia pamoja vitana, brashi, kofia na mashine za kinyozi zisizosafishwa. Chanuo moja la familia lililotumiwa na watoto watano Jumapili jioni laweza kuwaambukiza wote. Kila mtoto awe na lake, nalo lioshwe kwa sabuni na kukaushwa. Mabaka yenye magamba ambayo nywele zake zimekatika hayaponi kwa mafuta ya kupaka pekee; huhitaji dawa ya kumeza inayotolewa na mhudumu wa afya.

Kwa wavulana na wanaume waliokatwa nywele hadi sentimita 1, mambo ni mepesi. Taulo hukandamizwa, mafuta kidogo hupakwa, na brashi ya manyoya hupitishwa kuelekea upande mmoja zikiwa bado na unyevu. Wanaopenda nywele zilizojiviringa hutumia sponji yenye matundu, wakiizungusha juu ya kichwa kwa mwelekeo mmoja kwa dakika chache. Mwendeshaji wa boda boda yafaa angojee zikauke kabla ya kuvaa helmeti, kwa kuwa unyevu na jasho vikifungiwa humo siku nzima ngozi huanza kuwasha. Vivyo hivyo kwa anayefunga kitambaa juu ya nywele mbichi na kwenda shambani.

Na kwa yule binti anayerudi shuleni, nywele zikioshwa Jumapili asubuhi na kufungwa uzi kabla ya saa nne, huwa kavu kufikia usiku hata kama mvua imenyesha alasiri. Uzi huachwa chini ya kitambaa hadi alfajiri. Hufunguliwa kuanzia nchani, mafungu huachanishwa kwa vidole vilivyopakwa mafuta kidogo, kisha chanuo la meno mapana hupitishwa mara moja kutoka nyuma kwenda mbele.